Mshono wa Magamba

Slagi ikijibandua yenyewe, fundi hutulia kidogo kuisikiliza. Rodi imekwisha, chuma bado kina wekundu kwa mbali, na lile ganda jeusi lililofunika mshono linaanza kujikunja kutoka upande alikoanzia, likilia ti, ti, ti kama sufuria inayopoa, mpaka kipande kizima kinaruka pembeni bila kuguswa na nyundo. Chini yake unatokea mstari unaong'aa wa vipinde vilivyolaliana, kila kimoja kimeegemea mgongo wa mwenzake. Wamarekani wanauita rundo la sarafu, wakifikiria dime zao za senti kumi zilizoangushwa kwa mstari mmoja. Mimi, mtu wa pwani, naona magamba ya samaki aitwaye changu.

Picha za mishono ya namna hii zinazunguka kwenye simu za mafundi vijana kutoka Gerezani, Dar es Salaam, hadi Kamukunji, Nairobi, na Katwe, Kampala, na zimeleta swali ambalo kila karakana inalijibu kivyake: je, mshono wenye magamba ndio mshono mzuri? Wazee wengi wanacheka. Vijana wengi wanaapa. Nimekaa na pande zote mbili kwa muda wa kutosha kuona kwamba kila mmoja ana nusu ya neno. Magamba yaliyopangika yanathibitisha kwamba mkono ulikwenda kwa mwendo uleule tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo si jambo dogo. Hayathibitishi kwamba chuma na chuma vimeungana huko chini. Na mzigo wa chesisi au wa bomba unabebwa huko chini.

Tuanze na kidimbwi. Chuma cha kawaida huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 1,500 za Selsiasi, na ule moto wa umeme unaoruka kati ya rodi na kazi una joto la mara kadhaa ya hapo. Chini yake hutokea kidimbwi kidogo cha chuma kilichoyeyuka, upana wake labda milimita sita hadi kumi, kinachofuata mkono wa fundi popote uendapo. Mbele chuma kinayeyuka, nyuma kinaganda. Huko nyuma hakigandi kwa mtiririko mmoja, kinaganda kwa vituo. Joto likipungua kidogo, ukingo unaganda na kuacha alama ya upinde. Tone jipya likidondoka, kidimbwi kinafura, kinasogea, kinaacha upinde mwingine. Kila gamba ni ukingo wa kidimbwi ulivyokuwa wakati ule ulipokamatwa na ubaridi.

Ndiyo maana anayejua kusoma huutazama mshono kama nyayo mchangani. Vipinde vya mviringo vyenye nafasi sawa: hapa alitembea. Vipinde vilivyochongoka kama ncha ya mkuki: hapa alikimbia. Mshono uliotanuka na kuinuka mgongo: hapa alisita, pengine akiwaza chakula cha mchana. Kovu la ghafla: hapa rodi iligusa chuma, ikanata, akaivuta kwa hasira.

Magamba yanayopigwa picha zaidi kuliko yote ni ya uchomeleaji uitwao TIG. Njia hii ilizaliwa kwenye viwanda vya ndege vya Marekani. Mwaka 1941, Russell Meredith wa kampuni ya Northrop huko California alikuwa akitafuta namna ya kuunganisha magnesiamu, madini mepesi yanayofaa sana kwa ndege lakini yanayowaka moto yakiyeyukia kwenye hewa ya kawaida. Alichukua ncha ya tangisteni, ambayo haiyeyuki kwa urahisi, akawasha moto wa umeme kutoka kwenye ncha hiyo, kisha akaufunika moto huo kwa gesi ya heli ili hewa isifike. Hataza yake ilitoka mwaka 1942. Leo gesi inayotumika zaidi ni agoni, lakini wazo ni lilelile.

Siri ya TIG ni kwamba moto na chuma cha kujazia viko kwenye mikono tofauti. Ukitumia rodi, ukitaka joto lazima ukubali na chuma kinachodondoka; vyote vinatoka mahali pamoja. Kwenye TIG mkono wa kulia unashika tochi, wa kushoto unalisha waya, na mguu uko kwenye pedali unapandisha na kushusha umeme. Ni kazi ya fundi cherehani kabisa: mguu, mkono, mkono, na macho hayabanduki kwenye sindano. Kidimbwi kinafunguka, waya unachovywa kwenye ukingo wake wa mbele, unatolewa, tochi inasogea kidogo, waya unarudi. Kila mchovyo ni gamba moja.

Tupige hesabu ndogo, maana hapa ndipo watu wanapodhani kuna uchawi. Kwa bamba la chuma la milimita tatu, mafundi huanzia ampea 40 kwa kila milimita ya unene, yaani 120, kisha hupunguza wakiona kidimbwi kinazidi. Tochi inalazwa kidogo, nyuzi kama 15 kutoka wima, ikielekeza moto kule inakokwenda. Waya unakuja kutoka mbele karibu na usawa wa bamba. Ncha ya tangisteni iko milimita mbili au tatu juu ya kazi, na agoni inatoka lita nane hadi kumi kwa dakika. Ukitembea milimita 90 kwa dakika, huo ni mwendo wa milimita moja na nusu kwa sekunde. Chovya mara moja kila sekunde, na umepata gamba kila milimita moja na nusu. Unene wa dime ya Marekani ni milimita 1.35. Jina na hesabu vimekutana.

Kwa hiyo shida haiko kwenye kujua. Shida ni kuchovya mara sitini kwa dakika bila mkono kutetemeka, bila ncha kugusa kidimbwi, na bila kuutoa waya nje ya kivuli cha gesi. Kosa hilo la mwisho halionekani upesi. Ncha ya waya ikiwa ya moto na ikatoka kwenye agoni, inashika hewa na kupata utando. Mchovyo unaofuata unaupeleka utando huo ndani ya mshono. Kulisha waya kwa vidole, dole gumba likisukuma na kidole cha kati kikiongoza, ni mazoezi ya kukaa kibarazani na kipande cha waya jioni nzima, bila mashine wala moto. Mafundi wengi hawapendi kuyafanya kwa sababu hayafanani na kazi.

Siku hizi kuna mashine zinazohesabu badala ya fundi. Umeme unapanda na kushuka wenyewe, tuseme mara moja kwa sekunde. Ukipanda unachovya, ukishuka unasogea. Wapo wanaosema huo ni udanganyifu. Sioni hivyo, kama ambavyo sioni kosa kwa mshonaji anayetumia cherehani ya umeme. Mapigo hayo yanasaidia pia kuzuia bamba jembamba lisijikunje kwa joto. Ila anayejifunzia humo peke yake hujikuta hana mdundo siku anapopewa mashine ya kawaida.

Alumini ndiyo inayotoa sarafu nene, zile za kwenye picha zinazopendwa zaidi. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 660, lakini utando wa oksidi unaoifunika huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Lazima utando huo uvunjwe kwanza, na ndiyo sababu hutumika mkondo geu: nusu ya mzunguko inasafisha, nusu inayeyusha. Alumini pia hunyonya joto kama mchanga unavyonyonya maji, hivyo fundi anasimama, anachovya waya mnene, anaruka hatua. Hatua kubwa, gamba kubwa. Kwenye mabomba wana mtindo mwingine, wa kukiegemeza kikombe cha tochi juu ya chuma na kukitembeza kwa kukiyumbisha kulia na kushoto, mithili ya mtu anayesogeza pipa zito bila kulibeba. Alama inayobaki haifanani na magamba. Inafanana na ukili wa mkeka.

Lakini mafundi wengi wa kwetu hawana mtungi wa agoni. Wana mashine ya rodi, na mara nyingi ni ile ya kienyeji iliyosukwa kwa waya wa shaba humuhumu mtaani, ambayo ampea zake hubadilishwa kwa kuhamisha pini kutoka tundu moja hadi jingine. Njia yenyewe ni ya zamani. Benardos, katika himaya ya Urusi, alichomelea kwa ncha ya kaboni miaka ya 1880. Mwenzake Slavyanov akaweka rodi ya chuma mahali pa kaboni mwaka 1888. Kisha Mswidi Oscar Kjellberg, mwanzilishi wa ESAB mwaka 1904, akaikandika rodi unga unaotoa moshi wa kuulinda mshono na slagi ya kuufunika. Kila rodi iliyopo dukani leo ni mjukuu wa ile ya Kjellberg.

Rodi inayojulikana zaidi mitaani ni 6013. Namba zake zina maana. 60 ni nguvu ya kuvutwa, paundi 60,000 kwa inchi ya mraba, takriban megapaskali 414. 1 inasema rodi inafaa kwa kila mkao, chini, ukutani na darini. 3 inaeleza aina ya unga na umeme inaoutaka. Kwa magamba ni rodi rafiki sana. Moto wake ni mpole, slagi yake inatoka vizuri, na ukiikokota kwa mwendo mmoja huku imelala kidogo kuelekea unakokwenda, nyuzi 10 hadi 15, inaacha vipinde vyembamba bila wewe kuchora chochote. Rodi ya milimita 2.5 hufanya kazi kati ya ampea 60 na 100. Umbali kutoka ncha hadi kazi usizidi unene wa waya wa ndani ya rodi. Ukiwa sawa, sauti ni ile ya samaki anayekaangwa kwenye mafuta yaliyoshika moto. Ukiinua rodi juu mno, sauti inageuka kuwa ya upepo na matone yanatapakaa kila upande.

Rodi ya 6010, inayopendwa na watu wa mabomba, ina tabia nyingine kabisa. Moto wake ni mkali, unachimba, na kidimbwi chake kinaganda upesi. Hapa fundi hupiga mkono mbele kidogo ili nyuma pagande, kisha anarudi kujaza, anatulia kufumba na kufumbua, anapiga tena. Magamba yanatoka makubwa, ya wazi, na kwa mara hii yana sababu ya kiufundi: bila huo mchezo wa kwenda na kurudi kidimbwi kingedondoka, hasa ukichomelea ukutani. Na 7018 ni kinyume chake. Haitaki kuchezewa. Ukiipigapiga mbele na nyuma unaingiza vitundu vya hewa ndani ya mshono. Inataka kukokotwa polepole, karibu kabisa na chuma, na inaacha mshono laini wenye michirizi midogo isiyovutia kwenye picha. Ndiyo hiyo inayotumika kwenye madaraja, majengo ya chuma na mashine nzito. Ukitaka kujua fundi ni wa picha au wa kazi, mpe 7018 umwangalie mkono.

Hiyo 7018 ina neno lake jingine kwa sisi wa ukanda wenye joto la unyevu. Unga wake unatakiwa kuwa mkavu, na pakiti ikishafunguliwa rodi huwekwa kwenye oveni ya nyuzi kama 120. Tanga au Mombasa, rodi iliyoachwa juu ya benchi usiku kucha imekunywa unyevu. Unyevu huo unapeleka hidrojeni ndani ya chuma, na hidrojeni inaweza kukipasua chuma kigumu saa nyingi baada ya kazi, hata siku ya pili yake, chini kabisa ambako jicho halifiki. Juu magamba yako palepale, mazuri kama jana.

Kuna mambo mawili yanayowaangusha wanafunzi wa rodi kuliko ampea zote, na hakuna hata moja linalohusu mkono. La kwanza ni kuona. Anayeanza hutazama cheche kwa sababu ndizo zinazong'aa. Aliyeiva hatazami cheche kabisa. Anatazama ukingo wa nyuma wa kidimbwi, pale chuma kinapogeuka kuwa mshono, na anaitofautisha slagi inayoogelea juu na chuma chenyewe kilicho chini yake. Ukitaka kupanga magamba lazima uyaone yanapozaliwa. Sasa nenda karakana yoyote ya kando ya barabara uhesabu wangapi wamevaa miwani ya jua. Miwani ile haizuii vya kutosha miale inayochoma macho, na usiku fundi analala akihisi mchanga chini ya kope. Kwa upande wa ufundi ni hasara vilevile: mwanga unamzidi, anakonyeza, anachomelea kwa kukisia. Kioo cha ngao cha namba 10 au 11 kinafanya jua la rodi liwe taa ya kijani tulivu, na kidimbwi kinaonekana kama uji unaotokota.

La pili ni umeme. Mashine ileile, pini ileile, saa nne asubuhi inakupa mshono, na saa moja usiku, mtaa mzima ukiwa umewasha majiko na televisheni, inakupa vinyesi vya mbuzi. Waya mrefu mwembamba wa kuvutia umeme kutoka nyumba ya jirani nao unakula sehemu yake. Nimeona kijana akilaumiwa mkono wiki nzima, kumbe klampu ya waya wa ardhi imebanwa juu ya rangi na kutu.

Kwenye MIG ndipo ninapoanza kugombana na watu. Mashine hii inalisha waya yenyewe kupitia bunduki, gesi ikitoka pembeni, na fundi kazi yake ni kuongoza. Ukiiacha ifanye kazi yake inatoa mshono laini. Kwa hiyo anayetaka sarafu lazima azitengeneze: anachora nusu mwezi, anachora herufi e zinazofuatana kama mtoto wa darasa la kwanza, au anabonyeza na kuachia kitufe, tone baada ya tone. Mbinu hiyo ya mwisho kwenye bati la milimita moja, tuseme bodi ya gari, inafaa, maana bati haliwezi kuvumilia moto wa mfululizo. Kwenye bamba nene ni balaa. Kila tone linaganda kabla mwenzake hajafika, na chuma kinalala juu ya chuma kama nta ya mshumaa juu ya meza.

Nililiona hilo kwa karibu kwenye karakana moja ambayo nimekuwa nikipita kwa miaka. Kijana mmoja pale, mwepesi wa mkono na mpenda kazi, alikuwa amechomelea vipande viwili vya bamba la milimita sita kwa umbo la T, upande mmoja tu, akamletea mzee mwenye karakana.

"Mzee, itazame hii."

Mzee akaigeuzageuza kwenye mwanga. Magamba yalikuwa yamepangwa utadhani yamepimwa kwa rula. "Maua haya, mwanangu," akasema, na alimaanisha. Kisha akakibana kipande cha chini kwenye jiliwa, akachukua nyundo nzito, akalipiga lile bamba lililosimama kutoka upande usio na mshono, ili shina la mshono lifunguke. Pigo la kwanza lililia kavu. La pili bamba likang'oka, likaanguka sakafuni. Mshono wote ukabaki umenata juu ya kipande cha chini kama mjusi ukutani, haujapoteza hata gamba moja. Mzee akaliokota bamba lililoanguka, akampa kijana aupapase ukingo wake. Mikwaruzo ya grenda, ile aliyoiweka mwenyewe asubuhi wakati wa kunyoosha, ilikuwa bado inaonekana yote. Moto haukuwa umeigusa.

"Umechora. Hujachomelea."

Hakuna aliyecheka. Kijana alipandisha volti na kasi ya waya, akasafisha chuma mpaka kikawa cheupe, akavuta mshono mmoja bila kuchora kitu, bunduki ikielekea kwenye pembe kabisa. Ulitoka mpana kidogo, wenye michirizi hafifu, si wa kumsimamisha mtu. Mzee aliupiga mara saba. Bamba lililala chini mpaka likagusana na mwenzake, na mshono ulikunjwa nalo bila ufa.

Jaribio lile ni la zamani na halihitaji maabara. Vyuo vya ufundi hulitumia, na toleo lake rasmi limo kwenye kanuni za kimataifa. Fundi anayetafuta cheti cha mabomba hufanya mshono kwenye bomba lililofungwa kwa nyuzi 45, asiloruhusiwa kuligeuza, kisha bomba hukatwa vipande na vipande hukunjwa kwa jeki. Chini ya kanuni za Marekani za majengo ya chuma, mpasuko wowote unaozidi milimita tatu kwenye uso uliokunjwa unamwangusha. Msimamizi hatazami kwanza kama una magamba. Anatafuta nyufa, vitundu, kingo zisizoungana, na ule mfereji mwembamba unaochimbwa pembeni mwa mshono na moto mkali uliopita haraka. Mfereji huo ndio adui ninayemwogopa kuliko gamba lililopinda, kwa sababu chuma kinachotikiswa mara maelfu, kama cha tela au cha pikipiki, huanza kupasukia hapo, pale mshono unapokutana na bamba. Kuna mishono iliyo na magamba ya kupigiwa makofi na mifereji miwili pembeni kama reli.

Na ukitazama kazi ambazo dunia inaziogopa zaidi, sarafu ni adimu. Mabamba ya meli huunganishwa kwa mashine zinazochomelea chini ya rundo la unga, na mshono unatoka laini kama mgongo wa nyoka. Mishono ya roboti za viwanda vya magari nayo hutoka laini. Kwenye bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443 za bomba la inchi 24, kinachotazamwa kwenye kila ungio ni kilichomo ndani ya ukuta wa chuma.

Kuna kisa ambacho hupenda kuwasimulia wanaoabudu mshono peke yake. Usiku wa tarehe 16 Januari 1943, meli mpya ya mafuta, Schenectady, ilikuwa imetulia gatini Portland, Oregon, imeshamaliza majaribio baharini. Bila dhoruba, bila mzigo, ilipasuka kwa kishindo kutoka sitahani hadi karibu na mkuku, nusura iwe vipande viwili. Meli za zamani zilipigwa ribiti. Hizi za wakati wa vita zilichomelewa, kwa haraka, na watu wengi waliojifunza kazi hiyo kwa miezi michache. Lawama ikaenda kwa wachomeleaji. Baadaye Constance Tipper wa Cambridge alionyesha kwamba chuma chenyewe kilichotumika wakati ule kilikuwa kikigeuka kuwa kama kioo kwenye baridi, na pembe kali za michoro ya meli zikakusanya nguvu mahali pamoja. Kwenye ribiti ufa hufika mwisho wa bamba ukasimama. Kwenye chuma kilichochomelewa meli nzima ni kipande kimoja, na ufa una njia mpaka mwisho. Mishono mibaya ilikuwepo, ndiyo, lakini hata mizuri isingetosha.

Joto nalo linataka neno. Anayesubiri kila gamba likae vizuri huku ampea ziko juu anakipika chuma. Hesabu yake ni rahisi: volti mara ampea mara 60, gawa kwa mwendo wa milimita kwa dakika. Volti 24, ampea 120, mwendo 150, unapata jouli 1,152 kwa kila milimita. Punguza mwendo uwe nusu ili upange maua yako, na umekipa chuma joto mara mbili kwa urefu uleule. Kwenye chuma laini cha geti si neno. Kwenye stenlesi ni neno kubwa, na hapa ndipo zile rangi za upinde wa mvua zinazopendwa mitandaoni zinapodanganya watu. Rangi ya dhahabu hafifu inasema gesi ilifunika vizuri na joto lilikuwa la kiasi. Buluu na zambarau zinasema joto lilizidi kidogo, au gesi iliondoka mapema. Kijivu cha jivu kinasema kazi imeungua. Rangi hizo ni utando wa oksidi, na chini yake kromiamu, inayokifanya chuma kisishike kutu, imepungua. Kwenye bomba la kiwanda cha maziwa rangi nzuri husafishwa kwa asidi hadi iondoke, na ndani ya bomba hujazwa agoni wakati wa kuchomelea ili upande wa pili usitoke umevimba kama sukari guru.

Baada ya yote hayo bado namwambia kijana ajifunze magamba, na sababu yangu ni ya hesabu za mfukoni. Mshono uliopangika unatumia rodi chache, matone machache, na juu ya yote diski chache za grenda. Fundi anayerukaruka hujaza kilima, kisha hukisaga kilima, na katika kusaga hula bamba la pembeni mpaka linabaki jembamba kuliko lilivyonunuliwa. Halafu hupaka puti kufunika mashimo, na rangi kufunika puti. Mageti mengi ya mjini yamesimama kwa puti. Anayejua kupanga magamba anagusa kwa brashi ya waya na kuendelea na kazi nyingine.

Isipokuwa mteja wetu hajui kulipia hilo. Amezoea geti ambalo kidole kikipita hakihisi kitu, na mshono anaouona anauita uchafu. Yule kijana wa bamba la T alikaa miezi akitafuta mshono wenye vyote viwili, unaokunjika bila kupasuka na wenye magamba juu, na siku moja aliupata, kwa rodi, kwenye geti zima la skwea paipu, pembe zote. Nilipopita asubuhi iliyofuata nilimkuta amechuchumaa na grenda, cheche zikimpiga kwenye mapaja, akizisaga zile pembe moja baada ya nyingine kwa sababu mwenye nyumba alitaka geti laini. Simu yake ilikuwa juu ya benchi. Alikuwa ameshazipiga picha.